Tazama Kiungo Kabla ya Meno

*Maneno niliyowaambia vijana wa skauti na waongoza wageni jioni moja Raskazone, Tanga. Nimeyaandika baadaye kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.*

Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Walimu wangu, viongozi wa skauti, waongoza wageni mliotoka Muheza, Pangani na Lushoto, na nyinyi wanangu mliokaa chini kwenye majani kwa kuwa viti havikutosha: habari za jioni.

Niliombwa nizungumze juu ya vifaa vya kambi. Orodha niliyopewa ina mahema, taa, majiko, mabegi ya mgongoni na visu. Nimewaomba radhi waandaaji, nikachagua kifaa kimoja ambacho hakimo kabisa kwenye orodha ile, nacho ni msumeno wa kukunja. Kwa miaka yote niliyotembea na vijana na wageni kwenye milima yetu hii, sijaona kifaa kinachonunuliwa kwa macho yaliyofumbwa kama hiki.

Mkienda dukani wengi wenu mnafanya jambo lile lile. Mnaufungua, mnapitisha kidole gumba juu ya meno, mnasema "huu mkali", mnalipa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Msumeno mpya wowote ni mkali. Hata ule mbovu kuliko yote sokoni hukata vizuri siku ya kwanza. Kwa hiyo ukali wa dukani haukuambii kitu. Penye habari zote za msumeno wa kukunja ni hapa ninaposhika, kwenye kiungo, pale bamba la chuma linapokutana na mpini. Tazameni kiungo kabla ya meno. Mengine yote nitakayosema jioni hii yanatoka hapo.

Inueni macho muuone mkono wangu wa kulia. Vidole hivi viwili, cha kati na cha pete, havikunjiki hadi mwisho. Ilikuwa masika, tuko Sigi, chini ya milima ya Amani, watu sita. Tawi kubwa lilikuwa limeanguka na kuziba njia, na mlinzi wa msitu akatuomba tumsaidie kuliondoa. Mimi nilikuwa na msumeno wa kukunja ambao haukuwa na loki, yaani kizuizi cha kulifunga bamba lisijikunje. Ulikuwa na bolti moja na nati ya kukaza kwa vidole, basi. Asubuhi niliikaza nati ile vizuri. Sikuikaza tena.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu nataka mwelewe kilichotokea kifundi. Unapokata, mkono unakwenda na kurudi, na kila mwendo unatikisa kiungo. Nati inalegea kidogo kidogo, bila wewe kuona. Tawi lilipofika katikati likainama, likalibana bamba. Nikasukuma mbele ili nilinasue. Bamba likagoma, mpini ukaenda. Msumeno ukajikunja mkononi mwangu. Na bamba likijikunja linaelekea wapi? Linarudi kwenye ufa wa mpini. Ufa huo umezibwa na nini wakati huo? Na vidole vya aliyeushika. Meno yalikuja moja kwa moja hapa. Nyuzi saba nilishonwa Muheza usiku ule, baada ya safari ya barabara ya udongo kwenye mvua ambayo sitaisahau.

Ndiyo maana siwezi kuwaonea aibu wala kuwaficha: msumeno wa kukunja usio na loki ya kweli usiununue, hata ukipewa bure usiuchukue. Bolti na nati peke yake si loki. Bolti kazi yake ni kuliwezesha bamba lizunguke. Kinacholizuia bamba lisizunguke lazima kiwe kitu kingine, chuma kinachoingia ndani ya chuma.

Loki ninazoziamini ziko namna tatu. Iko ya kitufe: unabonyeza, springi inaachia, bamba linafunguka, kisha kitufe kinaruka chenyewe na kuingia kwenye pengo lililochongwa kwenye kitako cha bamba. Iko ya ulimi wa chuma mgongoni mwa mpini, ambao unaubonyeza kwa dole gumba. Hii mara nyingi ina mapengo mawili, kwa hiyo bamba linaweza kusimama limenyooka sawasawa na mpini, au limeinuka kidogo kwa pembe. Pembe ile inasaidia sana unapokata kitu kilicho chini karibu na ardhi, kwa sababu ngumi yako haigusi mchanga. Ya tatu ni ya pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa mpini. Hiyo ni ya Opinel wa Ufaransa. Walianza kuitumia kwenye visu vyao mwaka 1955, na misumeno yao midogo ya kukunja inayo pia. Ni nzuri kwa sababu haina springi ya kuchoka, lakini inakutaka ukumbuke kuizungusha. Kijana aliyechoka saa moja usiku hakumbuki. Kwa hiyo kwa skauti wadogo mimi nachagua kitufe au ulimi, ambazo hujifunga zenyewe.

Swali ambalo watu hawaulizi dukani: je, loki hii inafunga pia msumeno ukiwa umekunjwa? Begi linarushwa juu ya basi, linakaliwa, linakanyagwa. Msumeno ambao haufungwi ukiwa umekunjwa hufunguka humo ndani, ukakuta hema limechanika, au mtu anatia mkono kutafuta tochi, akakutana na meno. Bahco Laplander, ule wa Uswidi wenye mpini wa kijani, hujifunga pande zote mbili, umefunguliwa na umekunjwa. Hilo peke yake linatosha kuufanya nianze nao ninapomshauri mtu. (Jina la Bahco wengine mtakuwa mmeliona gereji: jina hilo lilijulikana sana kwa spana ile ya kupanua na kubana, ambayo Johan Petter Johansson aliisajili huko Uswidi mwaka 1892.)

Ukiwa dukani, basi, fanya hivi. Fungua msumeno mpaka usikie loki imegonga. Shika mpini kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili shika bamba kwa mgongo wake, kamwe si kwa meno, halafu jaribu kulikunja. Likisogea hata upana wa punje ya mchele, rudisha. Kisha litikise kushoto na kulia. Kuyumba kidogo sana ni kawaida, lakini bamba likilia "kwa kwa kwa" kiungoni, pini imekaa kwenye tundu pana, na tundu hilo halitapungua, litaongezeka. Angalia pini yenyewe: je, ni skrubu unayoweza kuikaza mwenyewe kwa bisibisi, au ni ribiti iliyogongwa isiyokazika tena? Chukua ya skrubu. Angalia ndani ya ufa wa mpini: je, kiungo kimeegemea chuma, au plastiki tupu? Plastiki tupu huliwa na chuma taratibu.

Halafu kunja msumeno na upitishe leso juu ya ufa wa mpini. Leso ikinasa, ujue meno yanachungulia nje. Akina mama mlioko hapa mnaifahamu leso. Kitambaa kile chepesi hakidanganywi.

Jambo la mwisho dukani ni kufumba jicho moja na kulitazama bamba kwa urefu wake, kama seremala anavyokagua ubao. Bamba lililopinda huwezi kulinyoosha.

Sasa nije kwenye kukata kwenyewe. Sisi tumezoea kusema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msemo mzuri, lakini msumeno wa kukunja ulio bora, mara nyingi, haukati hivyo. Hukata kwa kurudi tu. Unapovuta ndipo unakula mti. Unapopeleka mbele unapita tu, mikono mitupu.

Marehemu baba yangu alikuwa seremala Ngamiani, barabara ya 12. Msumeno wake wa mkono ulikuwa wa kusukuma, bamba pana na nene. Unene ule haukuwa wa mapambo. Chuma chembamba ukikisukuma dhidi ya mti mgumu hupinda. Sisi watu wa Tanga tumekua na katani: ivute kamba, inanyooka kama rula, isukume, inajikunja chini. Bamba la chuma lina tabia ile ile. Ukijua kwamba bamba litakata kwa kuvutwa tu, unaweza kulifanya jembamba sana, na bamba jembamba linatengeneza njia nyembamba ndani ya mti. Njia nyembamba maana yake mti mchache unaosagwa kuwa unga, na mti mchache unaosagwa maana yake mkono haujachoka. Wajapani wameikuza hekima hii kwa muda mrefu kwenye misumeno yao ya useremala, na misumeno ya Silky, inayotoka huko, inafuata njia hiyo hiyo. Baadhi yake bamba limesagwa likawa jembamba mgongoni kuliko upande wa meno, kwa hiyo halibanwi, na meno hayana haja ya kupindwa moja kulia moja kushoto kama ya msumeno wa baba. Ndiyo maana mahali ulipokata panakuwa laini kana kwamba pamepigwa randa.

Wazee wa Usambara mliopo hapa mnawakumbuka wapasua mbao. Gogo limelazwa juu ya shimo, mmoja kasimama juu, mwenzake yuko shimoni. Meno ya msumeno ule yalielekea chini. Wa juu aliupandisha na kuuongoza kwenye mstari. Aliyekata hasa alikuwa wa chini, kwa kuvuta, huku unga wote ukimwagikia usoni. Mimi nilipoujua msumeno wa kuvuta kutoka ng'ambo nilisema moyoni, kumbe ni kazi ya yule mzee wa shimoni, imetiwa mfukoni.

Kwa hiyo, wanangu, mkishika msumeno huu vuteni kwa nguvu ya kadiri na rudisheni bila kukandamiza. Kijana anayesukuma kwa hasira hupindisha bamba siku ya kwanza, halafu anasema msumeno ni mbaya.

Urefu. Hapa watu hupenda mkubwa. Misumeno ya kukunja ipo yenye bamba la milimita 130, ipo ya 170, 190, 210, 240, na ipo mikubwa ya 360 ambayo ukiifungua inakuwa kama mkono wa mtu mzima. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: tawi lisizidi nusu ya urefu wa bamba. Bamba la milimita 210 ni la tawi la sentimita 10, unene wa kifundo cha mguu. Kwa nini nusu? Kwa sababu kila unapovuta, meno yaliyojaa unga lazima yatoke nje ya mti ili yaumwage. Tawi likiwa nene kuliko hapo, meno ya katikati hayatoki kabisa. Yanakwenda na kurudi na unga wake mle ndani, msumeno unakuwa mzito, unadhani umekuwa butu. Haujawa butu. Umeshiba.

Kwa kambi ya hema, vigingi, kuni za kupikia ugali na chai ya watu kumi, bamba la 190 hadi 240 linatosha kabisa. Gogo linalotaka zaidi ya hapo, tafuta jingine. Moto wa kambi hauhitaji gogo la paja.

Meno ni jambo ambalo vitabu vingi vya huko ulaya vinalieleza kwa miti yao, kwa hiyo nataka nilieleze kwa miti yetu. Kanuni yenyewe ni hii: mti mbichi na laini unataka meno makubwa yaliyoachana, kwa sababu unga wake ni mwingi na umelowa, mti mkavu na mgumu unataka meno madogo yaliyokaribiana. Kwa inchi moja, meno matano au sita ni makubwa, saba au nane ni ya kati, kumi na kuendelea ni madogo.

Hapa pwani kuni kavu mtakazookota ni mivinje, miarobaini, mikwaju, miembe, mikorosho. Mvinje mkavu, hebu ugongeni, unalia kama chuma. Ukiukata kwa meno makubwa msumeno unarukaruka na kukwaruza, unashindwa kuuma. Mlingoti wa mkonge ni kinyume chake, ndani ni kama mkate, meno yoyote yanaupita. Mnazi una tabia zake peke yake: nyuzi. Ukikata upongoo wa kuti, nyuzi zinajisokota kati ya meno, na lazima usimame kila baada ya muda uyasafishe kwa kijiti. Mwanzi unataka meno madogo pasipo mjadala, maana ukuta wake ni mwembamba. Jino kubwa linaushika na kuupasua badala ya kuukata. Mtiki, ule unaopandwa Longuza kule Muheza, hukatika bila shida, lakini una chembechembe kama za mchanga ndani yake zinazomaliza ukali wa chuma chochote. Maseremala wanalijua hilo vizuri. Na misonobari ya Shume inatoa utomvu unaoganda kwenye bamba mpaka linagoma kuteleza.

Kwa mchanganyiko huo wote, kama una fedha ya msumeno mmoja, chukua meno ya kati, saba au nane kwa inchi. Yatakuwa polepole kidogo kwenye mti mbichi, lakini mti mbichi kambini una haja gani nao?

Hapo niseme jambo ambalo ni zito kwangu. Msumeno mzuri unampa kijana uwezo wa kuangusha mti mdogo kwa dakika mbili, kimya kimya, bila ile kelele ya shoka inayomwita mlinzi. Uwezo huo ni amana. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini, na iko miti na mimea mle ndani ambayo haipatikani popote pengine duniani. Tuna Magamba, tuna Nilo. Tuna Saadani upande wa kusini. Na tuna mikoko, kuanzia Pangani hadi mpakani Horohoro: mkoko, mkandaa, mchu, mlilana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali cha kukata miti kwenye misitu ya hifadhi, na mikoko yote iko chini ya ulinzi huo. Msiseme "hili tawi moja tu". Mkiwa hifadhini msumeno unakaa ndani ya begi mpaka mhifadhi mwenyewe aseme utoeni, kama yule mlinzi wa Sigi alivyotuambia. Kuni mnakwenda nazo, au mnanunua kwa mtu aliyepanda miti yake.

Mnaotaka kujifunza kukata mti mbichi, mahali pake ni shambani. Msumeno huu wa kukunja kwa asili yake ni wa wakulima wa matunda, wa kupogolea. Watu wa kambi tumeuazima. Nendeni kwa wenye machungwa Muheza, waombeni wawafundishe wakati wa kupogoa. Tawi zito usilikate kwa mkato mmoja kutoka juu, maana kabla hujamaliza litavunjika na kuchuna ganda la shina mpaka chini, na kidonda kile kinaingiza maradhi. Kata kwanza kwa chini, robo ya unene tu, kama kiganja kimoja kutoka kwenye shina. Kisha sogea nje kidogo, kata kutoka juu mpaka tawi lianguke. Kisigino kilichobaki ndicho unakikata vizuri, karibu na shina lakini nje ya ule uvimbe unaozunguka mguu wa tawi. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda. Panga haliwezi kazi hii. Nimeona michungwa iliyopogolewa kwa panga. Ina vidonda vilivyopasukapasuka, maji yanakaa humo, na mzee mwenye shamba anajiuliza kwa nini mti unaoza.

Nalipenda panga, msinielewe vibaya. Nyasi, vichaka, dafu, panga halina mpinzani. Lakini mti mkavu, mgumu, jioni, mkono umechoka, panga linateleza na kwenda kwenye goti. Msumeno unakata pale ulipouweka.

Sasa kubanwa, kwa sababu ndiko kulikoanzia msiba wangu. Gogo likiegemea ncha zote mbili, kama daraja, katikati yake linataka kuinama. Upande wa juu unajibana, upande wa chini unajivuta. Ukianza juu na kuendelea tu, utabanwa. Anza juu theluthi moja, kisha geuka umalizie kwa chini kwenda juu. Gogo lililoshikwa ncha moja na nyingine inaning'inia ni kinyume: chini ndiko kunakobana, kwa hiyo anza chini kidogo, malizia juu. Kabla hujagusa mti na msumeno, simama, jiulize: hiki kitaangukia wapi, kitafunguka wapi? Na ukibanwa usisukume. Mwambie mwenzako ainue tawi, ufa ufunguke, ndipo utoe bamba taratibu.

Juu ya kutunza nitasema machache, ila hewa ya chumvi hapa kwetu hainiruhusu ninyamaze. Msumeno unaokaa miaka kumi Arusha unaweza kula kutu mwezi mmoja hapa Raskazone. Bamba lenye mipako, iwe kromu iwe rangi nyeusi, linastahimili zaidi, lakini kwenye ncha za meno mipako huisha kwa kazi. Ukirudi, futa kwa kitambaa kikavu. Utomvu utoe kwa mafuta ya taa kidogo. Kisha paka mafuta ya cherehani, tone moja kiungoni, na kitambaa chenye mafuta juu ya bamba. Kuna anayetumia mafuta ya nazi; hapa mjini hayana neno, lakini Lushoto kwenye baridi ya Juni yanaganda kiungoni na loki inagoma. Na msumeno uliolowa usiukunje ukaulaza usiku. Unaukunja pamoja na maji yake.

Kunoa. Ukiona ncha za meno zina rangi ya buluu iliyoungua, meno hayo yamekomazwa kwa moto maalumu, ni magumu kuliko tupa yako. Tupa itateleza juu yake. Misumeno hiyo hainolewi, hubadilishwa bamba. Faida yake ni kwamba ukali unadumu muda mrefu mno. Hasara yake mnaijua: bamba jipya utalipata wapi hapa Tanga? Kwa hiyo kabla ya kulipa muulize mwenye duka kama analo bamba la akiba la msumeno ule ule. Akisema analo, nunua vyote viwili siku hiyo hiyo. Akisema hana, kwa kundi la skauti lenye vijana wengi wanaojifunza ningechukua ule wa meno laini kidogo, yanayokubali tupa ya pembe tatu, maana meno yatapiga mchanga na misumari, na fundi wa kuyanoa hatumkosi mjini hapa.

Rangi, wanangu, chukueni ya kuonekana: chungwa, njano, nyekundu. Mpini wa kijani ni mzuri sana mpaka ukauweka kwenye majani. Kama ni wa kijani, ufungieni kitambaa chekundu kwenye tundu la mpini.

Nimeleta misumeno mitano. Minne ni mizima. Wa tano ni ule ule ulionikata vidole, nimeuhifadhi, na nimeutoa bamba ili usimdhuru mtu. Nitaipitisha kwenye safu mmoja baada ya mwingine. Ile minne mizima, kila mmoja afungue, asikie loki ikigonga, atikise kiungo, kisha akunje na apitishe leso. Leso ninazo hapa, nimemwomba mama wa nyumbani kwangu. Pale chini ya mkungu nimeweka matawi makavu ya mvinje na vipande vya mwanzi juu ya vibao viwili, kwa ajili ya mikono ya kwanza. Anayekata avae glavu kwenye mkono unaoshika mti, na mkono huo ukae mbali na njia ya bamba, shubiri moja kamili. Goti lisiwe chini ya tawi. Wengine simameni hatua tatu nyuma.

Tuanze na safu ya mbele, hawa waliokaa kwenye majani.